Kusimulia maisha yako na kuandamana kwa amani Marekani bila kujiharibia kesi: mwongozo kwa wahamiaji wanaoanza

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina ileile. "Kaka, nimeombwa niongee kwenye mkutano wa wahamiaji, niseme nini?" Au, "Eti mtu asiye na makaratasi anaruhusiwa kuandamana?" Au yule anayetaka kujua kama akipanda jukwaani ICE, yaani polisi wa uhamiaji, watamfuata mpaka mlangoni. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naweka yote sehemu moja, mwenzio akikuuliza mtumie hii. Mimi si wakili, ni mtu tu ambaye nimewafanyia watu wetu ukalimani na nimekaa nao usiku tukikatakata hotuba, Wakongo, Warundi, Wabongo, Wakenya, mpaka mtu anasema basi inatosha nimeelewa.

Jibu fupi la swali la pili: ndiyo unaruhusiwa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalinda kusema na kukusanyika kwa amani na hayajasema ni kwa raia peke yao. Ila kuruhusiwa na kuwa salama ni vitu viwili. Mwaka 2025 wanafunzi wenye viza, na hata mwenye grini kadi, walikamatwa na watu wa uhamiaji baada ya kushiriki maandamano au kuandika makala, kwahiyo soma mpaka mwisho kabla hujashika bango.

Kwanza, hivi inasaidia kweli?

Hapa sitakaa sana. Desemba 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa H.R. 4437, uliotaka kuishi bila makaratasi kuwe jinai kubwa na hata anayekusaidia aingie matatani. Machi 2006 watu wakajaa barabarani Chicago, wiki mbili baadaye Los Angeles wakafika malaki, tarehe 1 Mei wengi wakagoma kwenda kazini nchi nzima. Muswada ukafia Seneti. Alafu tarehe 10 Machi 2010, palepale Chicago, vijana wanane wakasimama Federal Plaza, katikati ya majengo ya serikali kuu, wakataja majina yao na kusema hawana makaratasi na hawaogopi. Mwaka huohuo wanafunzi wanne walitoka Miami kwa mguu mpaka Washington, maili 1,500, wakisimulia maisha yao kila walipopita. Muswada waliokuwa wanaupigania, DREAM Act, wa kuwapa makaratasi vijana walioletwa wadogo, ulikuwa umeanza kupelekwa bungeni tangu 2001, na Desemba 2010 ukapita kwa Wawakilishi ukakwama Seneti, kura 55 wakati zilitakiwa 60. Walilia kweli. Lakini hawakurudi nyumbani, wakahamia kwa rais, wakakalia ofisi, wakaendelea kusimulia, na tarehe 15 Juni 2012 Obama akatangaza DACA, ambayo mpaka sasa imewapitia watu zaidi ya laki nane, kibali cha kazi na kutofukuzwa kwa muda. DACA si sheria, imeburuzwa mahakamani miaka na miaka, lakini haikushuka yenyewe kutoka mbinguni.

Ukiangalia vizuri hapo utaona simulizi na maandamano vilitembea pamoja. Umati bila simulizi anayepita anaona foleni tu. Simulizi bila umati nayo, diwani anakufuta machozi anakupa tishu na kura anapiga vilevile alivyopanga.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wakili wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Simaanishi yule jamaa wa kujazia watu fomu mwenye muhuri wa notari. Marekani notari kazi yake ni kushuhudia sahihi, si wakili, na watu wamelizwa sana hapo.
- Nakala ya kesi yako. Kama umejilipua, yaani umeomba hifadhi, hiyo fomu yake ya I-589 na maelezo uliyoambatanisha, neno kwa neno.
- Mtu mmoja unayemwamini, ikiwezekana raia, mwenye jina lako kama lilivyo kwenye karatasi, tarehe ya kuzaliwa, nchi uliyozaliwa na namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji) kama unayo. Ukikamatwa, mtandao wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa unauliza namba hiyo na nchi. Nimeona familia imekaa siku tatu haijui mtu yuko wapi kwa sababu namba ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye gari, na gari lilishavutwa.
- Kama una watoto, makubaliano ya maandishi ni nani atawafuata shule siku usiporudi.
- Wenzako wawili watatu. Peke yako usiende popote.
- Simu yenye saa ya kuhesabu dakika, na daftari.

Hatua ya 1: Kaa na wakili kabla hujakaa na kipaza sauti

Watu wengi wanairuka hii na ndiyo inayoua kesi. Kama unaomba hifadhi, kila unachokisema hadharani kinaweza kurudi mbele ya jaji. Sheria ya REAL ID ya 2005 inamruhusu jaji kupima ukweli wako kwa tofauti yoyote ya maneno, hata ile isiyogusa kiini cha kesi. Yaani hivi: kwenye fomu uliandika askari walikuja mwezi Machi. Jukwaani, kwa hisia, unasema "ilikuwa usiku wa Pasaka", watu wanaguna, klipu inasambaa, na Pasaka ya mwaka ule ilikuwa Aprili. Hujadanganya, umechanganya tu kama binadamu, lakini sasa una kazi ya kueleza mbele ya mtu ambaye hakujui na mwanasheria wa serikali anasoma tarehe mbili kwa sauti.

Muulize wakili maswali matatu na uandike majibu. Naweza kutaja jina? Naweza kuonyesha sura? Nikikamatwa kwa kosa dogo la maandamano, kesi yangu inaumia kiasi gani? Akisema usitaje kabisa, bado una kazi ya kufanya, maandamano yanahitaji wapishi, madereva, wakalimani na watu wa kupiga simu.

Hatua ya 2: Jua nani ana uwezo wa kukupa unachokitaka

Nimeona mama mtu mzima analia mbele ya halmashauri ya jiji akiomba grini kadi. Madiwani walimsikiliza kwa heshima, wengine machozi yaliwalengalenga, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kumpa. Kwa hiyo panga kwanza:

Makaratasi yenyewe, grini kadi, uraia, viza, hayo ni ya serikali kuu, yaani Bunge la Marekani na rais. Leseni ya udereva na karo ya chuo ni bunge la jimbo. New York walipitisha leseni bila kujali makaratasi Juni 2019, baada ya watu kwenda Albany, makao makuu ya jimbo, miaka na miaka kusimulia vile wanavyoendesha kwa hofu. California walipitisha ya kwao 2013 ikaanza kutumika Januari 2015. Kama jela ya kaunti inawakabidhi watu kwa ICE, hapo unazungumza na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, na bodi ya kaunti, na sherifu anachaguliwa kwa kura, hilo ukumbuke. Mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao cha wazazi ni bodi ya shule, na wala usiogope kwenda kule, mtoto kusoma shule ya umma bila makaratasi Mahakama Kuu ilishaamua 1982 kwenye kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Jiji lenyewe linaweza kutoa pesa za mawakili wa wahamiaji, tafsiri ya huduma, kitambulisho cha jiji.

Ukishajua ni nani, andika ombi lako kwa sentensi moja ambayo huyo mtu anaweza kuijibu ndiyo au hapana. "Tunaomba haki" haijibiki. "Tunaomba mpige kura ya ndiyo kwa muswada wa leseni Alhamisi" inajibika.

Hatua ya 3: Chagua tukio moja, si maisha yote

Sisi tumelelewa na paukwa pakawa, hadithi yetu inaanzia mbali, babu alikuwa nani, kijiji kilikuwa wapi, ndiyo polepole tunafika. Ni utamu wa kwetu na siukatai, ila kule una dakika mbili, tatu ukibahatika.

Mimi mara ya kwanza niliandika kurasa mbili na nusu. Nikasalimia, nikasema itifaki imezingatiwa (mkalimani akaniangalia tu), nikamshukuru mwenyekiti, nikawashukuru waandaaji, nikamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nikafika kwenye "nilizaliwa katika familia ya watoto saba" na taa nyekundu ikawaka, kipaza sauti kikazimwa. "Asante, anayefuata." Nikarudi kukaa na hakuna aliyejua nimekuja kuomba nini.

Kwahiyo tafuta tukio moja lenye mahali, saa na kitu cha kushikika. Liwe linahusu ombi lako moja kwa moja. Na liwe unaloweza kulisimulia ukarudi nyumbani ukala na ukalala, kama ukiligusa siku mbili huwi mtu wa kawaida basi hilo si la jukwaani, mpelekee mshauri nasaha au mchungaji au shehe wako, na ulipeleke kwa wakili kama linahusu kesi. Usikubali mwandaaji akusukume "sema ile ya msituni, ile inagusa". Ni yako, unaamua wewe.

Hatua ya 4: Andika, pima, kata

Kwa mwendo wa kawaida dakika mbili ni kama maneno 200 ya Kiswahili, na ukitafsiriwa muda unagawanyika nusu, kwahiyo piga simu mapema uulize kama anayetumia mkalimani anaongezewa muda. Baadhi ya halmashauri wanaongeza, usipouliza hawakuambii.

Kuna mpangilio unaofundishwa sana kwenye harakati za Marekani, wa Marshall Ganz, mwalimu wa Harvard ambaye kabla ya ualimu alifanya kazi miaka 16 na chama cha vibarua wa mashambani cha Cesar Chavez. Unakwenda hivi: habari yangu, habari yetu, habari ya sasa hivi. Yaani kilichonipata mimi, kinachotupata wengi, na unachotakiwa kufanya leo. Ni rahisi na unafaa.

Huu mfano nimeutunga, ombi ni leseni ya udereva, mbele ya kamati ya bunge la jimbo:

"Naitwa Neema. Januari, saa nane usiku, mwanangu alibanwa na pumu. Gari lilikuwa nje na funguo nilikuwa nazo mkononi. Sina leseni, kwa sababu sheria ya jimbo hili hainiruhusu hata kufanya mtihani. Nikakaa kwenye ngazi nikiwaza, nikisimamishwa na polisi huyu mtoto atabaki na nani barabarani? Nikaita gari la wagonjwa. Alipona. Bili naendelea kuilipa. Kwenye jengo letu tuko akina mama wengi wa zamu ya usiku, na kila mmoja ana ngazi yake aliyowahi kukaa. Tunajua kuendesha, tunataka mtupime na tukate bima kama wengine. Alhamisi naomba mpige kura ya ndiyo."

Hesabu, hayafiki maneno 100. Hajasema "mateso", hajasema "haki za binadamu", hajaomba huruma. Kuna funguo na ngazi. Mbunge akienda kulala ataikumbuka ile ngazi, hiyo ndiyo kazi yako.

Hatua ya 5: Toa vitu vinavyoweza kukuumiza wewe au mwingine

Soma ulichoandika na kalamu nyekundu. Futa:

- Chochote kinachokiri kosa. Hasa kama uliwahi kujiandika raia kwenye fomu ya kazi, au kupiga kura. Kujidai raia tangu Septemba 30, 1996 ni kufuli ambalo mara nyingi halifunguki kabisa kwenye maombi ya grini kadi. Usiliseme jukwaani, usiliseme kwa mwandishi, mwambie wakili wako peke yake. Kutumia namba ya soshali (Social Security, ile ya kazi na kodi) ya mtu mwingine, hivyohivyo.
- Njia uliyopita, aliyekupitisha, mlikolala.
- Kazini kwako, mtaa wako, shule ya mtoto.
- Ndugu waliobaki nyumbani. Kama uliikimbia serikali au kundi lenye silaha, jua hata kule wana simu na intaneti na wanaangalia.
- Habari za jirani yako ambaye hakukupa ruhusa, hata kama hujamtaja, kwenye jamii ndogo kila mtu atajua ni yule.

Kosa jingine la hapahapa ni lile la kujitetea kwa kumkandia mwenzio. "Mimi nalipa kodi, sijawahi kushikwa, si kama wale wengine." Wale wengine ni nani? Ni binamu yako aliyeshikwa bila leseni. Waliopigania DREAM Act walizoea kusema vijana waliletwa wadogo, si kosa lao, na ilikuwa inaingia vizuri sana masikioni mwa wabunge. Baadaye vijana wenyewe wakaanza kuikataa hiyo sentensi, manake ukisema si kosa langu, kidole umeshamwelekezea mama yako. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo ya maana walioyafanya, ingawa kuna walioona wanajiharibia kura.

Hatua ya 6: Mazoezi na mkalimani

Fanya mara tatu kwa sauti, mara ya mwisho umesimama na mtu akikukatiza makusudi. Mkalimani apewe maandishi siku moja kabla, na mkubaliane maneno magumu. Kuna siku mtu alisema "nilifungwa" akimaanisha mlango ulifungwa kwa nje akiwa ndani ya ghala, mkalimani akapeleka kwamba aliwahi kuwa jela. Ukumbi mzima ukabadilika sura. Sasa hebu irekebishe hiyo na sekunde arobaini zimebaki.

Ukiweza Kiingereza cha kuunga unga, tumia Kiswahili tu. Mtu anaposema kwa lugha yake anasimama vizuri zaidi.

Hatua ya 7: Masharti na waandishi wa habari, kabla hawajawasha kamera

Fupi: ukishasema umeshasema. Makubaliano yawe kabla. Jina la kwanza tu, au jina la kubuni, sura isionekane, sauti ibadilishwe, mahali pa kazi pasitajwe, na yaandikwe kwenye meseji ili uwe na ushahidi. Akisema mhariri wake hakubali, mshukuru na uondoke, wala hutakuwa umemkosea adabu. Watoto wasipigwe picha za uso. Kwenye picha unazoposti mwenyewe zima mahali ulipo.

Hatua ya 8: Andaa maandamano

Mahali na saa vifuate ombi. Kama kura ni Alhamisi saa nne asubuhi, kuandamana Jumamosi jioni bustanini ni matembezi. Simama mbele ya ofisi ya mwenye uamuzi siku anayoamua.

Kibali: kusimama na mabango kando ya barabara bila kuziba njia mara nyingi hakuhitaji kibali. Msafara unaoingia barabarani, na vipaza sauti, miji mingi inataka kibali, na wengine wanataka uombe wiki kadhaa kabla. Piga simu kwa mji wako uulize, na mwombaji awe raia au chama kilichosajiliwa, si wewe mwenye kesi.

Sasa sehemu nzito. Gaweni watu kwa hatari, si kwa ushujaa. Maandamano ya kutii sheria, yenye kibali, wanakwenda wengi. Kukaa chini ndani ya ofisi mkikataa kutoka, au kuziba njia, ni kuvunja sheria kwa makusudi, hata kama ni kwa amani, na mtu atakamatwa. Asiye raia akikamatwa na polisi wa kawaida kwa kosa dogo, alama za vidole zinakwenda FBI na FBI wanaifikishia idara inayosimamia uhamiaji. Haijalishi kosa lilikuwa kukaa sakafuni. Mei 2010 kuna vijana, wakiwemo wasio na makaratasi, walikaa kwenye ofisi ya Seneta McCain kule Tucson mpaka wakakamatwa, na wengi wanautaja kama mfano wa ujasiri. Sawa, ila walikuwa wamejiandaa, wana mawakili na wana timu nje. Mtu aliyefika jana kwenye grupu la WhatsApp asiingizwe kwenye hicho kitu kwa sababu ya mihemko. Raia wakae sakafuni, wewe ongea nje.

Mteue walinzi wa msafara, mmoja kwa kila watu ishirini hivi, wenye vizibao vya rangi moja, kazi yao kuweka watu pembeni mwa barabara na kuwatoa watu wetu wenye hasira mbele ya wanaokuja kutukana. Ombeni mashahidi wa kisheria wa National Lawyers Guild, wale wenye kofia za kijani kibichi kinachowaka, wanaandika kila polisi wanachofanya.

Mabango yawe na maneno matano au sita yanayosomeka ng'ambo ya barabara. Niliona bango limeandikwa aya nzima kwa kalamu ya kawaida, mwenye bango akawa anawaita watu wasogee wasome.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Andika namba ya wakili kwenye mkono kwa kalamu ya wino usiofutika, simu inaweza kuchukuliwa. Funga simu kwa namba, zima kule kuifungua kwa uso na kidole. Mwenye grini kadi sheria inamtaka atembee nayo, mwingine muulize wakili abebe nini. Karatasi feki usibebe hata kwa mzaha.

Polisi akikusimamisha uliza, "Niko huru kuondoka?" Akisema ndiyo, ondoka taratibu. Akisema hapana, sema unabaki kimya na unataka wakili, na ukae kimya kweli, si kimya cha kujibu nusu nusu. Usidanganye, usikimbie, usisaini kitu ambacho hujakielewa. Unaweza kurekodi polisi mahali pa umma, ila kaa mbali kidogo usiwazuie kazi.

Ukisikia watu wanaitikia "Sí, se puede" nawe itikia, ni ya wale vibarua wa mashambani, Dolores Huerta, mwenzake Chavez, aliileta 1972 kule Arizona, maana yake inawezekana. Na nyimbo zetu nazo zina nafasi, wakina mama wakianza kuimba na vigelegele, hasira inashuka na kamera zote zinageuka.

Hatua ya 10: Kesho yake

Hapa ndipo wengi wanapolala. Pigia simu ofisi ya yule uliyemwomba, taja jina lako kama uliruhusiwa, taja siku, uliza amepiga kura gani au anapanga nini. Andika jibu na jina la aliyepokea simu. Watu kumi wakipiga siku tofauti, wale wasaidizi wanahesabu, ndiyo kazi yao.

Ikienda kombo

*Nimesimama maneno yamepotea.* Soma. Hakuna anayekukataza kusoma. Kama hata kusoma huwezi, sema sentensi ya ombi na ukae, ulishafanya la maana.

*Nimelia.* Nyamaza kidogo, kunywa maji, endelea ulipoishia. Saa haisimami, kwahiyo ombi liweke mapema kwenye maandishi kama unajijua machozi yako karibu.

*Klipu imesambaa na watu wananitukana.* Usijibu hata mmoja. Funga maoni, mpe mwenzio simu akusomee vitisho tu, vitisho vya kweli mvipige picha na kumpelekea wakili. Matusi ya ndugu zetu wenyewe, wale wa "unatuaibisha majuu", hayo yanauma kuliko ya wageni, najua.

*Mwandishi ameandika nisichosema.* Mpigie mhariri siku hiyohiyo ukiwa na ile meseji ya makubaliano. Na mwambie wakili haraka, hasa kama wamekosea tarehe au sababu ya kuondoka kwenu.

*Mwenzetu amekamatwa.* Msijazane kituoni wote, hasa wenye kesi. Mtu mmoja raia aende, mwingine apige kwa wakili, yule mwenye namba ya A aanze kutafuta. Mahakama ya uhamiaji inakuruhusu wakili ila serikali haikulipii, kwahiyo mchango wa pesa uanze usiku huohuo. Msiposti jina lake mpaka familia na wakili waseme.

*Mume, au mke, hataki niongee.* Anaogopa, na si ajabu ana sababu. Mkae naye kwa wakili, aulize mwenyewe. Akibaki hataki na kesi yenu ni moja, usiongee, kwa sababu ukiiangusha mnaanguka wote.

*Tumetangaza mia mbili wamekuja sita.* Acheni msafara, sita barabarani wanaonekana wamepotea. Ingieni ndani kwenye kikao, jiandikisheni wote sita kuongea, dakika mbili mbili, kila mtu tukio lake na ombi lilelile moja, na wa mwisho awe yule asiyependa kuongea kabisa.